Siku Tuliyokwenda Kumwona Elia Jukwaani

Msumari wa jukwaani haupigwi mpaka kichwa kizame. Unaacha kichwa kichomoze kidogo, kiasi cha kushikwa na nyundo, kwa sababu ukuta unaoujenga leo utaubomoa onyesho likiisha, na kesho utausimamisha mahali pengine. Nawaambia hili kwanza, vijana wangu, kwa kuwa mnaokuja karakana kwangu kuuliza habari za maigizo ya zamani mnataka nianze na waigizaji. Mimi sikuwa mwigizaji. Nilikuwa fundi wa jukwaa. Nilitengeneza milango ya nyumba zisizokuwepo na miti isiyo na mizizi, nikavuta pazia, nikawasha taa na kuzizima. Wasanii wote niliowafahamu niliwatazama kutoka ubavuni, nikiwa nimesimama gizani na kamba mkononi.

Naitwa Rajabu, mzaliwa wa Kondoa. Nilikuja Dodoma kijana, nikaajiriwa useremala katika shirika moja la umma. Enzi hizo shirika likijiheshimu lilikuwa na timu ya mpira na kikundi cha utamaduni, na kikundi chetu kilikuwa na ngoma, kwaya na michezo ya kuigiza. Siku moja walikuja karakana wakaomba kiti cha mfalme. Sikuuliza swali lolote. Nilichagua mbao za mninga, nikachonga kiti cha kurithisha wajukuu. Siku ya onyesho kilibebwa na wanaume wanne, na pazia lilipofunguka wale wanne walikuwa bado katikati ya jukwaa, migongo imepinda, wanahema. Watazamaji walipiga makofi wakidhani mchezo umeanza.

Baada ya onyesho alinijia Mama Yudita, kiongozi wa kikundi. Alikuwa Mgogo wa upande wa Mvumi, mrefu, mkavu, mjane. Kwenye orodha ya mishahara alikuwa karani wa masijala, lakini kila mtu shirikani alijua kazi yake hasa ni ipi. Akaniambia, "Fundi, kiti chako ni kizuri sana, ila kitatuua. Nitengenezee cha maboksi." Niliona kama ananidharau. Nilikaa siku kadhaa nimenuna, halafu nikakitengeneza cha maboksi na gundi ya unga, nikakipaka rangi ya udongo na mafuta kidogo. Nilipokwenda kukaa nyuma kabisa ya ukumbi nikakitazama, nilishindwa kukitofautisha na mninga. Ndivyo nilivyoingia kazini.

Makosa niliyafanya mengi. Niliwahi kutengeneza mlango unaofunguka kwa nje wakati mwigizaji alizoea kuusukuma. Akausukuma, haukwenda. Akausukuma tena, ukuta mzima ukaanza kuyumba. Mama Yudita alikuwa jukwaani akiigiza mke wa nyumba hiyo, na bila hata kugeuka akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba Sakina, pita dirishani, mlango umevimba kwa mvua." Watu wakacheka, mgeni akapita dirishani, mchezo ukaendelea. Tangu hapo kila mlango niliutengeneza ufunguke kote kuwili.

Lakini sikuanza kuwasimulia haya niwachekeshe.

Mama Yudita alifundisha sauti. Jioni, kazi za ofisi zikiisha, aliwapeleka waigizaji wake kwenye korongo la mchanga nyuma ya nyumba za shirika. Mmoja anasimama ukingo huu, mwenzake ukingo ule, wanazungumza bila kupiga kelele. "Sauti haisukumwi," alikuwa akiwaambia, "inatumwa." Aliyepiga kelele alirudishwa kukaa chini asikilize wenzake. Mambo hayo aliyapata Dar es Salaam usichanani mwake, alipochaguliwa na vijana wengine kwenda kujifunza, wakacheza katika ukumbi mmoja wa zamani uliojengwa wakati wa wakoloni. Aliuzungumzia ukumbi ule kama wazee wetu wa Kondoa wanavyoizungumzia Maka wakitoka hija. Alisema dari lake limejipinda kama chungu kilichofunikwa, na sakafu yake ni ya mbao yenye uwazi chini, inaitikia miguu. Alisema ukiingia ukapiga kofi moja, ukumbi unakujibu. Na kiti cha mwisho kabisa, chini ya roshani, mtu aliyekaa pale anasikia hata pumzi ya mwigizaji.

"Mtu wa kiti cha mwisho naye ametoka nyumbani kwake," alikuwa akisema. "Usimrudishe mikono mitupu."

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa njaa. Aliutunga mwenyewe, kutokana na mambo aliyoyaona utotoni. Mzee kipofu anakwenda kuhemea kwa wakwe zake, maana kwao mtama umekwisha. Anafika, anakaribishwa, anapewa kigoda. Anauliza habari za ng'ombe. Anauliza habari za mvua na za watoto. Neno lililomleta halimtoki. Mkono wake wa kulia umelala juu ya goti, na polepole, wakati mdomo unazungumza mambo mengine, mkono ule unageuka, kiganja kinatazama juu, vidole vinaanza kufunguka, halafu vinajifunga. Mwisho anaaga na kibuyu chake kitupu, anaondoka. Kama wenye nyumba walielewa wakanyamaza, au hawakuelewa, Mama Yudita hakutuambia kamwe.

Mzee yule aliigizwa na Elia, tarishi wa shirika, kijana wa Bahi. Alikuja kwetu na sauti ya kifaranga. Mama Yudita alikaa naye kwenye lile korongo msimu mzima, mpaka akawa ananong'ona ukingo wa pili na mimi nasikia jina langu. Mkono ule wa gotini alimfundisha kwa kuushika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Tuliucheza mchezo ule Dodoma mjini, Bahi kwa kina Elia, Manyoni, hata Mtera kwa wafanyakazi wa bwawa na wavuvi. Mtera ndipo mzee mmoja alipoinuka katikati ya watazamaji na sahani yake ya ugali na samaki, akapanda jukwaani, akamwekea Elia miguuni. Kisha akarudi kukaa. Elia alibaki anaitazama sahani kwa yale macho yake ya upofu wa kuigiza, machozi yanamtoka. Mimi nilishika kamba nifunge pazia. Mama Yudita akanizuia mkono.

Miaka ya soko huria ilipokuja, ilikuja na mikutano. Tulikusanywa kwenye bwalo, mtu mwenye tai akatueleza kwamba shirika linatafuta mwekezaji na watakaobaki ni wanaozalisha. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina. Kikundi kilikwenda kwanza. Kuta zangu za mbao na magunia zilitolewa nje, jirani mmoja akaziomba ajengee banda la kuku. Nilikuwa napita pale asubuhi nikiwaona kuku wanataga ndani ya ikulu ya mtemi, rangi yangu bado inang'aa. Ukumbi wetu akapewa mfanyabiashara wa mahindi. Na mitaani vilifunguliwa vibanda vya video, kila mtaa na chake. Watu walikaa juu ya mabenchi kutazama Wachina wakipigana mateke. Siwalaumu. Nami niliingia. Na mabenchi yale, nisiwafiche, mengi niliyatengeneza mimi, maana ndiyo kazi niliyoipata.

Elia aliondoka kwenda Dar es Salaam. Alimuaga Mama Yudita, akamwambia atatafuta jukwaa. Zikapita mvua mbili hatuna habari zake. Kisha dereva mmoja wa lori akaleta ujumbe: Elia amepata kazi ya kuigiza, tena yuko ukumbi mkubwa wa zamani, na watu wanajaa kumwona. Mama Yudita alimwuliza yule dereva ukumbi upo mtaa gani, una umbo gani, una roshani au hauna. Dereva akaeleza. Ulikuwa ukumbi uleule.

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile. Alikuja nyumbani kwangu kabla ya jua kuchomoza, akamwambia mke wangu kwamba anamwazima mumewe kwa safari. Alisema hataki kwenda peke yake, anataka awepo mtu atakayezijua kamba na pazia, ili wakirudi awe na wa kuzungumza naye. Mke wangu akacheka, akatufungia chapati. Tulipanda basi. Njia nzima Mama Yudita alikuwa akinieleza jinsi jukwaa la ule ukumbi lilivyoinama kidogo kuelekea mbele, ili watu wa nyuma waione miguu ya wachezaji.

Onyesho lilikuwa siku ya pili, saa kumi alasiri. Asubuhi yake aliniambia atanionyesha kumbi nyingine za zamani alizozikumbuka. Tukaenda. Ule wa kwanza ulikuwa umejaa matairi na vipuri vya magari. Mlinzi alituruhusu kuchungulia. Viti vilikuwa vimeng'olewa, lakini sakafu bado ilishuka kwa mteremko kuelekea jukwaani, kwa hiyo matairi yalikuwa yamepangwa kwa ngazi, yale ya nyuma yakichungulia juu ya yale ya mbele. Mama Yudita akasema angalau wote wanaona. Tulicheka, na mlinzi akacheka pia bila kujua kwa nini. Wa pili ulikuwa kanisa. Palikuwa na maua ya plastiki na ngoma za bendi pale alipowahi kusimama akiwa msichana. Kijana mmoja aliyekuwa akifagia akatukaribisha, akatuuliza kama tumekuja kuombewa. Mama Yudita alimwambia si leo.

Tukiwa tunatoka hapo ndipo tulipomkuta bibi mmoja ameketi kando ya barabara, kaniki begani, mkono ameunyoosha mbele kwa wapita njia. Nilikuwa nimekwisha kumpita. Mama Yudita alisimama, akazitambua shanga zake, akamwamkia kwa Kigogo: "Mbukwenyi."

Yule bibi aliitikia kabla hajajua anaitikia. Halafu aliuvuta mkono wake haraka, akauficha ndani ya kaniki. Wakaanza kuzungumza. Mimi Kigogo nakisikia kidogo, na nilisikia wakiulizana habari za mvua, nani amezaliwa, nani amefariki, ng'ombe wa fulani wamepona. Mama Yudita akaketi naye pale chini, kwenye lami, na kitenge chake kipya alichokitunza kwa ajili ya onyesho. Watu walitupita. Walizungumza kwa muda mrefu, na wakati wote huo mkono wa yule bibi haukutoka ndani ya kaniki. Tulipoondoka Mama Yudita alitaka kumwachia chochote, akashindwa. Aliniambia, "Nitampaje sasa, na amenikaribisha kama mgeni wake?" Mwishowe nilirudi mimi, nikamwachia mfuko wetu wa chapati, nikisema mke wangu amemletea salamu.

Tulifika kwenye ukumbi mapema. Herufi za juu ya mlango zilikuwa zimeanguka nusu, na ukutani palikuwa na bango la rangi: muziki, wacheza shoo, na kichekesho cha Babu Lete. Jina la Elia halikuwepo. Mama Yudita alisema labda limeandikwa ndani. Tulikata tiketi. Alipovuka mlango alisimama, akangoja kelele zitulie, akapiga kofi moja. Ukumbi ukamjibu. Ulikuwa umechakaa, dari lina madoa ya maji, mapangaboi mengine hayazunguki, lakini nawaambia ulijibu, sauti ikapanda darini na kutushukia mabegani. Akanitazama kama mtu aliyethibitishiwa jambo ambalo watu walikuwa hawamwamini. Viti vya mbele vilikuwa bado vitupu. Yeye akaenda moja kwa moja nyuma kabisa, chini ya roshani, akaketi kiti cha mwisho.

Ukumbi ulijaa. Vijana, akina mama na watoto, watu wa ofisini wametoka kazini, kila mtu na soda yake. Ulianza muziki wa vipaza sauti ambao ungeweza kupigwa shambani, haukuhitaji ukumbi. Wacheza shoo wakapita. Kisha mtangazaji akamtaja Babu Lete, na watu wakaanza kucheka kabla hajatokea.

Aliyetokea alikuwa Elia. Alikuwa na fimbo, kipande cha shuka, kibuyu, na majivu usoni. Aliisogeza maikrofoni kando. Aliketi kwenye kigoda, akageuza yale macho ya upofu kuelekea kwetu, akaanza kuuliza habari za ng'ombe.

Yalikuwa maneno yetu. Aliyasema kwa lafudhi ya Kigogo aliyoivuta na kuipindua mpaka kila neno likawa na mkia, na kwa kila mkia watu waliangua kicheko. Akauliza habari za mvua. Akauliza habari za watoto. Mkono ukiwa umelala gotini ukaanza kugeuka, polepole vilevile, vidole vikafunguka kimoja kimoja kama alivyofundishwa, na hapo ukumbi wote ukawa unapiga miguu sakafuni, kwa sababu walijua kinachokuja. Mkono ulifunguka wote. Ukanyooka. Akainuka nao, akashuka jukwaani akipapasa, akamnyang'anya huyu soda, yule kofia, mwingine kiatu, kila kimoja anakitia kwenye kibuyu akiomba kingine. Watu walilia kwa kicheko. Kulikuwa na mama mbele yetu aliyekuwa amemwegemea mumewe, hawezi kukaa. Kazi yenyewe ilikuwa imetengenezwa vizuri, siwezi kuwadanganya. Kila pumziko lilikuwa mahali pake. Na kila neno, hata alilolinong'ona, lilitufikia.

Mama Yudita alikuwa amekaa wima. Nilimgusa kiwiko nikamwambia tutoke. Akasema, "Kaa. Bado anacheza." Tulikaa mpaka mwisho. Watu waliposimama kupiga makofi naye alisimama, maana ndivyo alivyotufundisha, lakini mikono yake ilibaki imeshika mkoba.

Tulimkuta uani, nyuma ya ukumbi, kwenye makreti ya soda, anajifuta majivu. Alipomwona Mama Yudita alidondosha kitambaa. Alimwamkia shikamoo kwa magoti, majivu nusu uso. Mama Yudita akaitikia marahaba, akamwuliza kama anakula vizuri, anakaa wapi, mkewe hajambo. Elia alijibu yote akitazama chini. Maswali yakaisha. Nilijifanya natazama kamba za pazia kupitia mlango wa nyuma.

Elia ndiye aliyeanza. "Mama, ule wenyewe niliwachezea," alisema. "Wa kwetu. Niliwachezea vilevile ulivyonifundisha."

Akatueleza. Mara ya kwanza alipopandishwa jukwaani pale, alicheza mchezo wa njaa bila kubadili kitu. Ukumbi ukanyamaza, akafurahi, akadhani ni ukimya ule wa Mtera. Halafu akasikia viti vinalia, watu wanatoka kwenda kununua vinywaji. Akaendelea. Alipofika kwenye mkono, mkono ukiwa umefunguka nusu, mtu wa roshani akarusha sarafu. Ikaanguka jukwaani, ikabingirika mpaka miguuni pake. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Walikuwa wamewaona wazee wa aina hiyo barabarani kila siku, wakaona sasa wameuelewa mchezo.

"Mkono ulikuwa tayari uko nusu, mama," Elia alisema. "Nikaufungua."

Mwenye ukumbi alimwita siku hiyohiyo akamwambia huo ndio mchezo. Tangu hapo, alisema, hajalala njaa, na mama yake Bahi anapelekewa unga. Alisema pia kwamba watu wanauchukulia kama utani tu. Hapo nilitaka kumjibu. Sisi sote tumekulia kwenye utani, vijana wangu, mnaujua: mtani anakutania msibani, nawe unangoja siku yake umrudishie. Lakini mtani ni mtu anayekaa mbele yako na anaweza kukujibu. Yule bibi wa kwenye lami angemjibu nani? Lakini haikuwa zamu yangu.

Mama Yudita alimwambia, "Nilikaa kiti cha mwisho. Nimesikia kila neno."

Elia aliinama kama aliyechapwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Niache, mama?"

"Ukiacha utakula nini?"

Hakumwuliza kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mama anavyouliza, akimtazama usoni na kungoja. Kisha yeye, ambaye siku zote alikuwa na jambo la kutuambia tufanye, aliokota kile kitambaa, akamfuta majivu yaliyobaki shavuni, akanigeukia akasema tuwahi kulala, basi ni la alfajiri.

Njiani, tulipovuka Morogoro, ardhi inaanza kukauka na kuwa ya kwetu, alisema jambo moja tu: "Rajabu, ni mimi niliyemfundisha kusikika." Nikamwambia wewe ulimfundisha kazi, dunia ndiyo imempa maneno. Nilidhani nimesema vizuri. Aligeuka akatazama dirishani.

Alihamia Hombolo kwa binti yake, wakawa wanalima zabibu. Vijana wa kanisani walimfuata awatengenezee igizo la Krismasi, akawapa chai, akawaambia hajui. Nilikwenda kumwona mara kwa mara. Tulizungumza habari za mizabibu na ukungu wa majani. Wakati huo kaseti za Babu Lete zilikuwa zimefika mikoani, baadaye na mikanda ya video. Zilichezwa kwenye maduka na kwenye mabasi. Na walionunua, msifikiri ni watu wa pwani peke yao. Wagogo wenyewe walicheka. Watoto wa Hombolo waliigiza uani kwake, mmoja kipofu na wengine wanaporwa viatu, wakiivuta lafudhi ya bibi zao. Yeye alikuwa akiwaambia wacheze mbali kidogo na mizabibu.

Mmeniuliza kama kazi hii inafaa kwa kijana mwenye kipaji. Mmeniuliza wengi, na naona mnangoja nitabasamu niseme inafaa. Naweza kuwaonyesha jinsi ya kukaza gunia kwenye fremu lisilegee, jinsi ya kupaka ukuta wa boksi uonekane jiwe, jinsi ya kufunga pazia lisikwame. Kuhusu mtakachosema huko jukwaani, na ni nani atakayewasikiliza, na atasikia nini, hilo sina mbao zake.

Mama Yudita alifariki wakati wa kiangazi. Alizikwa Hombolo, na watu walikuja wengi: wa shirika la zamani, wa kanisani, wa kwao Mvumi. Elia alikuja kutoka Dar es Salaam na suti nyeusi, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Aliketi nyuma kabisa. Wakati wa salamu, mchungaji alisema kuna mwanafunzi wa marehemu ambaye familia imemwomba aseme machache. Elia alikwenda mbele, akasimama kando ya kaburi.

"Mama yetu," alianza.

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamziba mdomo. Elia akasema tena, kwa sauti ileile ya korongoni, isiyosukumwa, na msichana mmoja akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kikapita kwa mwenzake. Hawakuwa watu wabaya, na walimpenda marehemu. Wengine walikuwa wamekesha wakimlilia. Ila sauti ile walikuwa wameisikia kwa miaka yote mahali pamoja tu, na miili yao ilijua la kufanya. Elia alinyamaza awangoje watulie, kama alivyofundishwa kuwangoja watazamaji. Akawatazama. Na kwa kuwa Babu Lete naye hunyamaza hivyo na kutazama hivyo kabla mkono haujanyooka, wanaume wazima wakainamisha vichwa, wanauma midomo, na kicheko kikawatoka kupitia puani.

Mchungaji alianzisha wimbo. Elia alisimama kidogo, midomo imefunguka. Kisha alivua koti la suti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya nyasi. Akamwomba kijana mmoja koleo, akaanza kufukia.